Oksijeni huunguza na pia huonya: Funzo kutoka kwa sukumawiki

UKIPITA katikati mwa mji wowote mkubwa nchini, hutakosa kuona duka la dawa lililopanga chupa za vidonge dirishani, kila chupa ikiahidi mambo makubwa. Ukimeza vidonge hivyo kila siku, waambiwa, mwili wako utaondolewa sumu ya oksijeni, hutazeeka upesi na saratani itakupitia mbali.

Hatua chache kutoka hapo, mama mboga ameketi kando ya barabara na mafungu yake ya sukumawiki, managu na mchicha. Yeye hana tangazo lolote.

Swali letu leo, msomaji, ni hili: kati ya hao wawili, ni yupi anayekuuzia kinga ya kweli? Ili tulijibu sawasawa, yatupasa kwanza twende shambani tuulize jinsi mmea, usio na kofia wala mwavuli wala miguu ya kukimbilia kivulini, unavyomudu kusimama juani tangu asubuhi hadi jioni bila kuungua.

Jibu lenyewe huenda likakushangaza. Mmea haujilindi kwa kuimaliza oksijeni hiyo inayoitwa sumu. Huidhibiti, kisha huitumia kama kamsa ya kujiokoa.

Oksijeni kali ni nini?

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Oksijeni hii ya kawaida ni tulivu. Lakini inapopata nguvu ya ziada, au inapopachikwa elektroni isiyokuwa yake, hugeuka ikawa kali na kuanza kutafuta kitu cha kushambulia. Wataalamu huziita molekuli za aina hii kwa majina mengi: supaoksaidi, haidrojeni peroksaidi, haidroksili na mengineyo. Katika makala haya tutaziita zote kwa jina moja, oksijeni kali.

Hata hivyo, ukali wazo haulingani. Haidroksili ni kama cheche ya moto. Huishi kwa muda mfupi mno, na katika muda huo huunguza chochote kilicho karibu nayo, yawe ni mafuta yanayozingira seli, iwe ni protini au ile DNA inayobeba maagizo ya urithi. Haidrojeni peroksaidi kwa upande wake ni pole zaidi. Yaweza kusafiri kutoka sehemu moja ya seli hadi nyingine kabla ya kuvunjika, na sifa hiyo ndiyo tutakayoiona ikiufaa mmea.

Huenda peroksaidi unaifahamu tayari. Ni ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, ambayo hutoa povu inapogusa damu. Povu hilo ni oksijeni ya kawaida. Hutoka pale kimeng'enya cha mwili kiitwacho katalesi kinapoivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Kata kipande cha kiazi kibichi ukidondoshee dawa hiyo hiyo, nacho kitatoa povu. (Kipande hicho kitupe, usikile.) Utakuwa umeona kwa macho yako kwamba kiazi na damu yako vina mlinzi wa aina moja.

Miale hugonga maji

Miale ni nguvu inayosafiri. Mwanga wa jua tunaouona ni miale. Iko pia miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni lakini ngozi huihisi inapobabuka. Halafu kuna miale mikali zaidi kama eksirei na gama, ambayo ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwa chochote inachokipenya.

Wengi hudhani kwamba miale mikali hudhuru kwa kuipiga DNA moja kwa moja, kama risasi. Hilo hutokea, lakini si njia ya pekee. Seli hai imejaa maji, na aghalabu ni maji yanayogongwa kwanza. Molekuli ya maji hupasuka, na miongoni mwa vipande vyake ni ile cheche, haidroksili. Inakadiriwa kwamba kwa miale ya eksirei na gama, yapata thuluthi mbili za madhara yanayoifikia DNA hupitia njia hii ya maji.

Mtu aliyeling'amua jambo hili mapema ni mwanasayansi wa kike kutoka Argentina, Rebeca Gerschman. Mwaka 1954, akiwa na wenzake nchini Marekani, alichapisha katika jarida la Science hoja kwamba oksijeni nyingi kupita kiasi na eksirei huua kwa njia moja, yaani kwa kuzalisha molekuli hizi kali. Ilichukua miaka kabla ya hoja hiyo kukubalika na wengi.

Mambo yalibadilika mwaka 1969. Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke walitangaza kwamba wamegundua kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiondoa supaoksaidi. Hakuna aajiriye bawabu mahali pasipo mwizi. Ikiwa seli zimejiwekea mlinzi wa kudumu dhidi ya oksijeni kali, basi ni lazima oksijeni hiyo iwe yazaliwa ndani yake kila siku, hata pasipo eksirei.

Jani ni kiwanda chenye hatari

Hakuna mahali ambapo oksijeni kali huzaliwa kwa wingi kama ndani ya jani la kijani. Jani hunasa mwanga, hupasua maji, hutoa oksijeni na kujitengenezea chakula. Asubuhi kazi huenda vizuri. Ikifika saa sita mchana, mwanga huja mwingi kuliko uwezo wa kiwanda. Nguvu inayobaki bila kazi huiangukia oksijeni iliyo karibu na kuigeuza kuwa kali.

Kwetu hali ni nzito zaidi. Tuko kwenye ikweta, na sehemu nyingi za nchi yetu ziko juu. Nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Sukumawiki ya Limuru na kabichi za Kinangop, kulikoinuka zaidi, hupigwa na jua ambalo mboga za Ulaya hazilijui.

Kwa hiyo mmea umejijengea ulinzi. Kuna vimeng'enya, katalesi akiwa mmoja wao. Kuna vitamini C, vitamini E na karotini, ile rangi ya manjano ya karoti ambayo imo pia katika sukumawiki ila imefunikwa na ukijani. Watu huviita vitu hivi antioksidanti, yaani vizimao oksijeni kali. Kumbuka, msomaji, kwamba mmea haukuvitengeneza kwa ajili yako. Umevitengeneza kwa haja yake wenyewe, nawe unapoula unafaidi ulinzi wa mwenzako. Vitamini C mwili wa binadamu hauwezi kabisa kuitengeneza.

Kamsa kutoka seli hadi seli

Hadi hapo ungedhani kwamba oksijeni kali ni adui tu. Lakini wanasayansi walipoendelea kuchunguza, waligundua kwamba mmea wenyewe huitengeneza kwa makusudi.

Peroksaidi inapopanda kidogo ndani ya seli, hugusa protini fulani na kuzibadilisha umbo. Habari hiyo hupokezanwa hadi kwenye kiini cha seli, na huko jeni zilizokuwa zimelala huamshwa. Vimeng'enya vya ulinzi huongezwa. Mafundi wa kukarabati DNA huitwa kazini. Kwa maneno mengine, moshi kidogo huwaamsha wazima moto kabla nyumba haijateketea.

Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani, miongoni mwao Gad Miller na Ron Mittler, walieleza jambo hili kwa kutumia kimmea kidogo kiitwacho Arabidopsis, ambacho ni cha jamii moja na kabichi na sukumawiki. Jani moja likijeruhiwa, au likipigwa na joto ama mwanga mkali, wimbi la oksijeni kali hutoka hapo na kuenea katika mmea kwa kasi ifikayo sentimita 8.4 kwa dakika. Si kwamba molekuli moja husafiri safari hiyo yote. Kila seli hutengeneza oksijeni kali yake na kumshtua jirani, jinsi kamsa ipigwavyo kijijini, boma hadi boma, mpaka watu wa upande wa pili wakajua kuna hatari kabla hawajaiona.

Watafiti walipotumia mimea ambayo jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza oksijeni hiyo imeharibiwa, wimbi halikwenda. Bila oksijeni kali, majani ya mbali hayakupata habari kwa njia hiyo.

Kwa miale ya urujuanimno mmea una njia mbili. Miale ikiwa ya kadiri, protini maalumu iitwayo UVR8, ambayo utendaji wake ulielezwa mwaka 2011, huihisi na kuuamuru mmea utengeneze flavonoidi. Hizi ni kemikali zinazopangwa kwenye ngozi ya jani na kuichuja miale hiyo, kama miwani ya jua. Miale ikiwa mikali hata ikaanza kuharibu, oksijeni kali nayo huzaliwa kwa wingi na kuongeza kamsa yake.

Jambo hili mkulima alilijua kabla ya mwanasayansi. Miche iliyolelewa kivulini ukiihamisha ghafla juani, majani yake hupauka na kufa. Ukiizoesha jua kidogo kidogo kwa siku kadhaa, husimama imara. Wewe unayepanda sukumawiki katika magunia nyuma ya nyumba umeliona hilo mara nyingi. Katika siku hizo chache kamsa hupigwa na mmea hupata muda wa kujiandaa. Kamsa ikija pamoja na moto wenyewe, ni kuchelewa.

Chernobyl: Walioponea na walioangamia

Je, ukijiandaa hivyo mmea waweza kustahimili hata miale ya nuklia? Jibu ni kwamba kipimo ndicho huamua.

Mnamo Aprili 26, 1986, mtambo nambari nne wa kituo cha nuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, ulilipuka. Misonobari iliyokuwa karibu ilipigwa na miale mikali mno, majani yake yakageuka rangi ya kutu na miti ikafa. Mahali hapo paliitwa Msitu Mwekundu. Oksijeni kali na vidonda vya DNA vilizidi uwezo wa ukarabati wote. Miti mingine yenye majani mapana, na nyasi nyingi, ilinusurika.

Mwaka 2004 Igor Kovalchuk na wenzake waliripoti kuhusu Arabidopsis iliyokuwa imeishi katika eneo hilo kwa vizazi kadhaa. Kizazi cha mimea hiyo kilistahimili sumu zinazoharibu DNA kuliko mimea ya kwingineko. Ilipowekewa sumu hizo, jeni zake za kuzima oksijeni kali, ikiwemo ya katalesi, na zile za kukarabati DNA zilitenda kazi kwa namna tofauti na za mimea ya kawaida.

Tusilipotoe jambo hili. Halimaanishi kwamba miale ya nuklia ni dawa. Maana yake ni kwamba kiumbe kilichopona kimepona kwa kudhibiti moto, na kile kilichozidiwa hakikupona.

Ngano ya Njoro na Eldoret

Hapa kwetu pia kuna kisa kinachohusu miale na mimea, na pengine umekila bila kujua. Tangu miaka ya 1920, Lewis Stadler wa Marekani alipopiga mbegu za shayiri na mahindi kwa eksirei, wataalamu wa mbegu wamekuwa wakitumia miale kuzusha mabadiliko mapya katika mimea. Zaidi ya aina 3,000 za mimea zilizopatikana kwa njia hii zimesajiliwa duniani.

Kenya imo. Mwaka 2001 ilitolewa Njoro-BW1, aina ya ngano inayohimili ukame. Kisha likaja janga la kutu ya shina. Aina mpya ya ugonjwa huo wa ngano ilionekana nchini Uganda mwaka 1998, ikaitwa Ug99, na ikaenea hadi kwetu na kwingineko. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Eldoret kilitoa ngano aina ya Eldo Ngano 1, inayoukabili ugonjwa huo, baada ya kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbegu zake zilipigwa miale katika maabara ya shirika hilo huko Seibersdorf, Austria.

Mbegu za ngano hupigwa kipimo cha mamia ya grei. Kwa kulinganisha, binadamu akipigwa mwili mzima kwa grei nne au tano bila matibabu, yumo hatarini kufa. Mbegu hustahimili kwa kuwa imelala. Seli zake hazigawanyiki na maji yake ni machache. Hata hivyo, wataalamu hawaikaushi kupita kiasi. Huhakikisha ina unyevu wa kiasi cha asilimia 12 hadi 14. Mbegu kavu mno hudhurika zaidi, kwa sababu molekuli kali hunaswa ndani yake bila kuzimika, na zikikutana na oksijeni mbegu inapolowekwa, madhara huanza upya.

Huenda sasa wauliza: je, mkate wa ngano hiyo una miale? Hapana. Miale ya gama hupenya mbegu na kupita. Ukizima tochi, mwanga haubaki chumbani. Zaidi ya hayo, mbegu iliyopigwa siyo unayokula. Wataalamu hupanda maelfu ya mbegu hizo, mingi ya mimea hutupwa, na ile michache yenye sifa nzuri hupandwa kizazi baada ya kizazi kwa miaka kadhaa kabla ya kumfikia mkulima. Unachokula ni vitukuu vya mbegu hiyo, navyo havina mionzi yoyote iliyosalia kutoka maabara.

Na wewe je?

Sasa turudi kwenye lile duka la dawa. Mantiki ya vidonge ni rahisi: ikiwa oksijeni kali huunguza, na antioksidanti huizima, basi kadiri umezavyo nyingi ndivyo utakavyokuwa salama zaidi. Wanasayansi wengi waliamini hivyo, wakaijaribu imani hiyo kwa watu.

Huko Finland, wanaume 29,133 wavutao sigara waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa vidonge vya beta karotini, wengine hawakupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994. Waliomeza beta karotini hawakupungukiwa na saratani ya mapafu. Walipata zaidi, kwa asilimia 18.

Marekani nako watu 18,314, wavutaji sigara, waliokuwa wavutaji, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbestosi, walishirikishwa katika utafiti uliotoa beta karotini pamoja na vitamini A. Utafiti huo ulisimamishwa mapema mwaka 1996. Saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 miongoni mwa waliomeza vidonge, na vifo kwa asilimia 17.

Mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani walichunguza vijana waliokuwa wakifanya mazoezi kwa majuma manne. Mazoezi huufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi, na hivyo husaidia kuzuia kisukari. Lakini waliomeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E kila siku walikosa faida hiyo. Oksijeni kali inayozalishwa na misuli wakati wa mazoezi ndiyo iliyokuwa kamsa ya kuuamuru mwili ujiimarishe. Vidonge viliizima.

Je, umeona jinsi kisa hiki kinavyofanana na cha jani? Sisi nasi tunaitumia oksijeni kali. Chembe nyeupe za damu huimwagia viini vya maradhi ili kuviua. Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro katika kimeng'enya kinachoitengeneza, na hao huugua maambukizi mazito mara kwa mara. Kimeng'enya hicho ni cha ukoo mmoja na kile kinachopiga kamsa katika sukumawiki.

Hili lawahusu hasa wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa miale. Tiba hiyo hutegemea kwa sehemu kubwa oksijeni kali inayozaliwa ndani ya uvimbe. Seli za saratani zisizo na oksijeni ya kutosha zaweza kuhitaji kipimo mara mbili na nusu hadi tatu ndipo zife. Ndiyo maana madaktari huhofia mgonjwa anayemeza kwa siri vidonge vingi vya antioksidanti alivyoletewa na jamaa wenye nia njema. Huenda akawa anailinda saratani ile ile anayoilipia kutibiwa. Ikiwa wewe au mtu wako yuko katika matibabu hayo, mwambie daktari kila kitu anachomeza, hata kile kinachoitwa cha asili.

La kufanya nyumbani

Kwanza, kula mboga na matunda ya aina mbalimbali: sukumawiki, managu, kunde, karoti, nyanya, mapera, machungwa. Wanaokula hivyo kwa kawaida huwa na afya njema, na faida hiyo haijapatikana kwa kukichomoa kitu kimoja kutoka kwa mboga na kukifunga ndani ya kidonge. Ndani ya jani vitu hivyo ni vingi, huja kwa vipimo vidogo na hufanya kazi pamoja.

Pili, usiichemshe mboga muda mrefu ukamwaga maji yake. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Osha mboga kabla ya kuikata, ipike kwa muda mfupi, na mafuta kidogo yatausaidia mwili kuipata karotini. Vile vile, chai ya zambarau inayotokana na mchai TRFK 306/1, uliotolewa Kericho mwaka 2011, ina rangi ya anthosiyanini, jamaa ya zile rangi zinazokinga majani dhidi ya mwanga mwingi. Inywe kwa kuwa unaipenda. Usiinywe kama dawa ya saratani.

Tatu, jikinge na jua. Mmea hauna miguu, wewe unayo. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini macho hayana kinga hiyo. Watu wenye ulemavu wa ngozi, yaani albino, hawana kinga hiyo kwenye ngozi pia. Kwao kofia pana, nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kukinga miale ni jambo la lazima kila siku.

Nne, ukivuta sigara, acha. Kila moshi unaouvuta hupeleka oksijeni kali moja kwa moja mapafuni, na hakuna kidonge cha kuuzima moto huo huku wewe waendelea kuuchochea. Waulize wale wanaume wa Finland.

Tano, usimeze vidonge vya vitamini kwa wingi bila ushauri. Wapo wanaovihitaji kweli: mama mja mzito huandikiwa asidi ya foliki na madini ya chuma, na mtoto hupewa vitamini A kliniki kwa ratiba. Hao hupewa kwa kipimo na kwa sababu. Mtu mzima mwenye afya anayekula vizuri hana sababu ya kumaliza mshahara wake dirishani pa duka.

Kwa hiyo kesho ukipita pale, usiwe na haraka ya kuvuka barabara kuelekea kwenye chupa. Tazama kwanza fungu la sukumawiki. Jani lile limepigwa na jua kwa majuma mengi, limeshtuka, limepiga kamsa na limejijenga upya. Kilichobaki ni wewe kulipeleka nyumbani, na kutoliunguza sufuriani.